Bandari na fainali mbili za mwaka 2019

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2019, Bandari FC ya Mombasa ilifika fainali mbili za vikombe vya mtoano. Ya Dar es Salaam ilipoteza. Ya Nairobi ilishinda, ikaondoka na kombe la taifa linaloandaliwa na Shirikisho la Soka la Kenya (FKF), wakati huo likiitwa Ngao ya SportPesa kwa jina la mdhamini wake, kampuni ya kamari. Msimu huo Bandari ndiyo iliyokuwa timu pekee ya Pwani kati ya 18 za Ligi Kuu. Kwa shabiki wa Kwale, kuanzia Waa hadi Lungalunga, hakukuwa na timu nyingine ya karibu ya kushangilia.

Ukaribu huo una feri ndani yake. Bandari, timu ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, ilikuwa ikichezea Mbaraki, kisiwani Mombasa, kwa kuwa uwanja wa manispaa ulikuwa umefungwa ukingoja ukarabati. Shabiki anayetoka Msambweni au Ukunda hushuka matatu Likoni, akavuka bila nauli pamoja na umati wa watembea kwa miguu, na kutoka ng'ambo hadi Mbaraki si mbali. Feri ikikawia, kipindi cha kwanza husimuliwa tu.

Watu wa Kwale wanaujua mtoano kabla ya kuijua ligi. Mashindano mengi ya vijijini ni ya namna hiyo: mfadhili, mara nyingi mwanasiasa anayezinusa kura, hutoa jezi, mipira na zawadi, droo ikapangwa, na katika wiki chache bingwa amepatikana. Sababu kubwa ni gharama. Timu 16 katika mtoano wa mechi moja moja zinahitaji mechi 15 tu. Zikicheza ligi ya nyumbani na ugenini, mechi ni 240, na kila moja inadai nauli, mwamuzi na alasiri ya kijana ambaye pengine ana zamu katika hoteli ya Diani au anatafuta abiria wa bodaboda. Ubaya wake nao hauhitaji hesabu ngumu: nusu ya timu huaga baada ya dakika 90 za kwanza, na kijana aliyefanya mazoezi miezi mitatu huwa ameonekana mara moja. Kwa kulea vipaji, huo ni upungufu mkubwa.

Kombe la SportPesa la Januari 2019 lilikuwa fupi vivyo hivyo, ila la kimataifa: timu nne za Kenya na nne za Tanzania, zote zikikutana Dar es Salaam kwa siku chache. Gor Mahia ilikuwa imelitwaa mara mbili mfululizo, 2017 na 2018. Safari hii ilitolewa mapema kwa penalti na Mbao FC ya Mwanza. Bandari iliifunga Singida United 1-0, kisha katika nusu fainali ikaiangusha Simba 2-1 mbele ya mashabiki wake. Kocha wa Bandari, Bernard Mwalala, hakuwa mgeni wa jiji hilo. Aliwahi kuwa mshambuliaji wa Yanga, na kuifunga Simba ni kazi anayoijua. Fainali ikawa ya Wakenya watupu, na Kariobangi Sharks ikashinda 1-0. Zawadi ilikuwa dola 30,000 pamoja na mechi dhidi ya Everton ya Uingereza. Mechi hiyo ilichezwa Kasarani mwezi Julai, Sharks wakashinda kwa penalti baada ya sare ya 1-1.

Miezi michache baadaye timu hizo mbili zilikutana tena, sasa katika fainali ya Ngao. Sharks ndio waliokuwa mabingwa watetezi. Bandari ilishinda 3-1 na kutwaa kombe hilo kwa mara ya pili, baada ya lile la 2015 ilipoifunga Nakumatt. Zawadi ilikuwa shilingi milioni 2. Katika ligi, Bandari ilikuwa imemaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia mwaka 2018, na ikamaliza ya pili tena 2018/19. Mechi 34 za ligi zilimpa nafuu mwenye kikosi kipana; mtoano ulitaka mechi chache zichezwe bila kosa, na ulinzi wa Bandari, ukiwa na kipa Farouk Shikalo nyuma yake, uliiweza kazi hiyo.

Mshindi wa Ngao huiwakilisha Kenya katika Kombe la Shirikisho Afrika. Kwa kuwa Pwani haikuwa na uwanja unaokidhi masharti ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF), Bandari ilicheza mechi zake za "nyumbani" Nairobi, mamia ya kilomita kutoka kwa mashabiki wake. Shikalo naye alikuwa amekwenda Yanga. Hata hivyo ilitoka sare 0-0 na Al Ahly Shendi ya Sudan, ikaenda kwao ikapata 1-1 na kupita kwa bao la ugenini. US Ben Guerdane ya Tunisia ilifungwa 2-0 Kasarani, na ushindi wake wa 2-1 katika marudiano haukutosha kuiokoa. Hatua moja kabla ya makundi, Horoya ya Guinea iliizuia.

Wakati huo SportPesa ilikuwa imeingia katika mvutano wa leseni na kodi na serikali ya Kenya, ikasitisha udhamini wake nchini mwaka huo huo wa 2019. Kombe la taifa lilipata mdhamini mwingine, Betway. Toleo la 2020 likakatizwa na korona, na Bandari ikabaki bingwa hadi Julai 2021, Gor Mahia ilipolichukua kwa penalti dhidi ya AFC Leopards.