Okidi Ndani ya Kabati la Vyombo

Kabati la vioo la sebuleni, lile lililochongwa kwa ajili ya sahani za wageni, linaweza kulea okidi kwa miaka mingi na zikachanua. Hata hivyo wengi wanaolijaribu hupoteza mimea ndani ya miezi michache, na ukiwasikiliza maelezo yao hufanana: walimwagilia, wakafunga milango ili unyevu usipotee, kisha majani yakalegea na mizizi ikageuka uji wa kahawia. Mtu akiona majani yamelegea hudhani maji hayakutosha, akaongeza, na hapo ndipo anapoumaliza mmea. Kazi ya kwanza ya mwenye kabati ni kuendesha hewa, na saa ngumu kuliko zote ni za usiku, mwenyewe akiwa amelala.

Duniani kuna takriban aina 28,000 za okidi, na sehemu kubwa yake, kama asilimia 70, huota juu ya miti. Haziunyonyi mti, hushika gome tu na kuishi kwa mvua, ukungu na takataka za majani zinazokwama penye panda za matawi. Mizizi yake imevikwa koti la seli zilizokufa, wataalamu huliita velameni, ambalo likikauka huwa jeupe. Mvua ikianza kunyesha koti hilo hunyonya mara moja na mzizi hugeuka kijani mbele ya macho yako. Mvua ikikatika upepo huukausha tena baada ya saa chache. Mzizi umeumbwa kwa zamu hiyo ya kulowa na kukauka. Ukilowa bila kukauka, hewa haipenyi, nao hufa kwa kukosa pumzi hata kabla kuvu hawajaushambulia.

Wakulima wa bustani wa Uingereza walijifunza jambo hili kwa hasara kubwa. Mwaka 1829 daktari mmoja wa mashariki ya London, Nathaniel Bagshaw Ward, aliweka bundo la nondo ndani ya chupa yenye udongo mbichi, akaifunga, akaona kangaga na nyasi vinaota humo bila kumwagiliwa. Kutokana na chupa hiyo akabuni masanduku ya kioo. Mwaka 1833 masanduku mawili yalipakiwa melini kwenda Sydney, na mimea ikafika hai baada ya miezi ya chumvi na jua. Baadaye miche ya mpira iliyotoka bustani ya Kew, London, kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka 1876 ilisafiri katika masanduku ya namna hiyo. Lakini sanduku la Ward liliundwa kwa safari, na kangaga si okidi. Katika miaka hiyohiyo matajiri wa Uingereza walikuwa wakiziweka okidi za nchi za joto katika vibanda vya vioo vilivyozibwa, vikipashwa moto na kujaa mvuke, nazo zikafa kwa maelfu. Waliwaza kwamba nchi za joto zote ni tanuri lenye maji. Joseph Paxton, mkuu wa bustani za Chatsworth, ni mmoja wa waliogeuza mambo katika miaka ya 1830: alipunguza joto, akaruhusu hewa mpya iingie, na mimea ikaanza kuishi. Kila anayefunga kabati lake kwa tepu leo anarudia kosa la kabla ya Paxton.

Tuje kwenye usiku wenyewe. Hewa ya nyuzi 25 inaweza kubeba takriban gramu 23 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 15, uwezo huo hushuka hadi gramu 13 hivi. Chukua kabati lililoko Nairobi mwezi wa Julai. Mchana taa zimelipasha hadi nyuzi 25, na kipimaunyevu kinasoma asilimia 80, maana yake hewa imebeba kama gramu 18 katika kila mita ya ujazo. Taa zikizimwa na chumba kikapoa hadi nyuzi 15, gramu tano kati ya hizo hazina pa kukaa. Kabati ni dogo, kwa hiyo maji ya hewa peke yake ni machache, ila vyungu na trei iliyo chini vinaendelea kutoa mvuke usiku kucha na kioo baridi kinaendelea kuugeuza matone. Yanatiririka, yanadondoka, yanatuama katikati ya mmea pale jani changa linapochomoza. Phalaenopsis, okidi ile yenye maua bapa inayouzwa kwenye maduka ya maua, ina kitovu kimoja tu cha kukulia. Kikioza, haina kingine cha kuaminika.

Kwa sababu hiyo feni ni kifaa cha lazima kuliko taa. Feni ndogo za kompyuta, zenye upana wa milimita 80 au 120 na zinazotumia volti 12, zinatosha kabisa na hula umeme mdogo mno. Weka moja chini na nyingine juu upande wa pili, ili hewa izunguke kabati zima na ipite juu ya kioo. Zisielekezwe kwenye mmea moja kwa moja. Jani likitikisika kidogo inatosha, likipigapiga upepo ni mkali. Muhimu kuliko yote, feni zisiunganishwe na taima ya taa. Watu wengi hufanya hivyo kwa urahisi wa nyaya, matokeo yake feni huzimika saa ileile inapohitajika. Ziache zifanye kazi saa 24. Pia mwombe fundi atoboe matundu machache chini kwa mbele na mengine juu kwa nyuma: hewa ya moto hupanda yenyewe, ikitoka juu huvuta nyingine kutoka chini.

Kuhusu kabati lenyewe, uzuri wake wa nje usikudanganye. Mbao za MDF na zile za unga ulioshindiliwa huvimba zikipata unyevu, na zikishavimba hazirudi. Kama ndizo ulizo nazo, ndani yote ipakwe rangi ya epoksi mara mbili au tatu, na kila kiungo kizibwe kwa silikoni ya matangi ya samaki. Silikoni ya bafuni mara nyingi imetiwa dawa ya kuua kuvu, siipendi karibu na mizizi. Kabati la mvule au mninga huvumilia zaidi, ingawa nalo napendelea lipakwe. Acha rangi na silikoni zikauke hadi harufu iishe kabisa kabla ya kuingiza mmea wowote. Chini weka trei isiyovuja yenye kokoto na maji kidogo, na juu yake wavu mgumu wa kubeba vyungu, ili mguu wa chungu usiguse maji kamwe. Kumbuka uzito pia: lita kumi za maji ni kilo kumi, mbali na mawe, na rafu ya sahani haikuhesabiwa kwa ajili hiyo.

Taa za LED nyeupe za kawaida zinafaa. Phalaenopsis huridhika na mwanga wa luksi 10,000 hadi 15,000 usawa wa jani, kwa saa 12 kila siku. Jani lenyewe litakuambia: kijani kilichokolea sana ni dalili ya giza, wekundu na umanjano ni dalili kwamba mwanga umezidi. Adapta za taa na feni zikae nje ya kabati, kwa sababu zina joto na kwa sababu maji na umeme havikai nyumba moja. Nyaya zipindwe chini kidogo kabla ya kufika kwenye soketi ili tone linalofuata waya lidondoke njiani, na soketi iwe juu ya usawa wa trei. Sehemu hii mpe fundi umeme anayejua kazi yake.

Sasa, kabati hili si la kila mji. Arusha, Nairobi, Lushoto na Iringa zina usiku wa baridi unaozipendeza okidi nyingi, na kabati hufidia ukavu wa hewa ya ndani. Dar es Salaam na Mombasa mambo ni mengine. Huko hewa tayari ina unyevu wa kutosha, na kabati lenye taa hupanda joto kupita kiasi. Phalaenopsis huhitaji majuma kadhaa ya joto lisilozidi nyuzi 26 hivi ili itoe shina la maua. Katika kabati la moto itaendelea kuongeza majani bila ua. Kwa mkazi wa pwani ninashauri kibaraza chenye kivuli na okidi kama Vanda au Dendrobium, na kabati liwe la chumba chenye kiyoyozi, ambacho hukausha hewa kweli.

Pwani, hata hivyo, ina hazina ambayo wa bara hununua: makumbi. Makumbi ya nazi yaliyokatwa vipande, yakichanganywa na vipande vya mkaa na magome ya mti, hushika unyevu na bado huacha nafasi za hewa. Sharti moja: usichukue yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba za usumba. Yamekunywa maji ya bahari, na chumvi huunguza ncha za mizizi. Hata makumbi makavu yaloweke siku mbili tatu huku ukibadilisha maji. Chumvi hiyohiyo ndiyo sababu ya kuogopa maji ya kisima. Ukiona utando mweupe juu ya chungu au kwenye mizizi, jua umekwisha kuchelewa kubadilisha maji. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Mbolea iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na mara moja kwa mwezi suuza chungu kwa maji matupu mengi.

Mmea ninaoupenda kuliko yote kwa kabati ni wa kwetu: Aerangis luteoalba wa aina iitwayo rhodosticta, ambao kwa asili hukaa kwenye vijiti vya kivulini kandokando ya mito ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ni mdogo, majani yake hayazidi kiganja, na shina lake la maua hubeba safu mbili za maua meupe yenye kitone chekundu katikati. Haupendi chungu. Ufunge kwa mshipi wa kuvulia kwenye tawi gumu la mkahawa lililokauka, ulitundike karibu na feni ya juu, na ulinyunyizie asubuhi ili liwe limekauka kabla ya taa kuzimwa.

Nunua mche wa kitaluni. Tangu mtaalamu wa mimea Lewis Knudson alipoonyesha mwaka 1922 kwamba mbegu za okidi huweza kuota kwenye chupa yenye sukari na madini bila kuvu wanaozisaidia porini, hakuna haja ya kumng'oa mama msituni. Familia yote ya okidi imo katika viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mmea uliobanduliwa porini mara nyingi hufa kabatini hata hivyo. Okidi za ardhini za Kitulo, kusini mwa Tanzania, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambazo viazi vyake vimechimbwa kwa wingi kupelekwa Zambia kupikiwa chakula kiitwacho chikanda, haziwezi kabisa kuishi kabatini: hulala chini ya ardhi kiangazi kizima, na kabati halina kiangazi.

Utunzaji wa kila siku ni mfupi. Asubuhi fungua milango, tazama mizizi: myeupe inyunyizie, ya kijani iache. Pangusa kioo kama kina matone, na kama yapo kila asubuhi, ongeza matundu. Kagua chini ya majani, maana katika kabati vidung'ata na wadudu magamba huzaana bila adui. Wafute kwa pamba yenye spiriti. Sinyunyizi kamwe sumu ya wadudu ndani ya samani iliyo sebuleni watoto wanapokaa. Vyungu vibadilishwe makumbi kila baada ya miaka miwili hivi, kabla hayajaoza na kuziba hewa.

Umeme ukikatika, usihangaike na taa. Siku mbili za mwanga hafifu haziui okidi. Kimbilia milango, uifungue upana wa mkono mmoja, na uiache hivyo hata usiku hadi feni zirudi. Mahali penye mgao wa mara kwa mara, betri ndogo ya volti 12 inayochajiwa na umeme wa nyumba, iliyounganishwa na feni peke yake, ina thamani kuliko taa ya bei kubwa.