Mgonjwa wa figo, linda mkono wako

Figo zikishindwa kabisa na kazi, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine mara 2 au 3 kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa 4 hivi. Kwa mkazi wa Kulamawe, kwenye barabara ya kutoka Isiolo kwenda Garba Tulla, hizo ni safari zisizokwisha. Lakini je, umewahi kujiuliza damu hiyo hutolewa wapi?

Mashine huhitaji takriban mililita 300 za damu kila dakika. Mshipa wa kawaida wa mkono hauwezi kuzitoa. Kwa hivyo zipo njia tatu.

Ya kwanza, iliyo bora kwa wagonjwa wengi, ni fistula, iliyoelezwa na madaktari wa New York mwaka 1966. Mpasuaji huunganisha ateri na vena mkononi, na vena hupanuka na kuwa imara. Huchukua wiki 6 hadi 12 kukomaa, lakini yaweza kudumu miaka mingi.

Ya pili ni mrija bandia unaowekwa chini ya ngozi, kwa mtu mwenye vena nyembamba. Hutumika baada ya wiki 2 au 3, ila huziba upesi kuliko fistula.

Ya tatu ni katheta ya shingoni. Hutumika siku hiyo hiyo, ndiyo maana wanaofika hospitali wakiwa hoi huanzia hapo. Hatari yake ni kwamba viini vikiingia humo hufika moja kwa moja kwenye damu na vyaweza kuua. Tena ikikaa sana huharibu mishipa mikubwa ya kifua.

Mikono ikishindwa, daktari aweza kutumia paja. Wengine husafishwa kupitia tumboni, au hupandikizwa figo.

Ukiambiwa figo zako zinadhoofika, usingoje. Omba kuonana na mpasuaji mapema. Chagua mkono usioutumia sana; usikubali upimwe presha, utolewe damu wala uwekewe dripu hapo. Ukishapata fistula, usiulalie wala kuubebea mtungi wa maji. Uguse kila asubuhi: mtetemo ukikoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mwenye katheta akipata homa au kutetemeka asingoje siku yake ya mashine.