Mwana Akiwa Ugenini, Furaha Ndogo Nazo ni Posho

Kila ifikapo mwezi wa Juni, baadhi ya vijana wetu walio katika vyuo vikuu hufunga safari kwenda Ulaya kwa mafunzo ya kazi ya miezi miwili au mitatu. Wazazi huwasindikiza hadi uwanja wa ndege kwa dua na nasaha: fanya kazi kwa bidii, jihadhari na makundi mabaya, usitusahau. Nasaha hizo ni njema. Lakini ipo moja ambayo aghalabu husahauliwa, nayo ni hii: mwanangu, ukifika huko, jifunze pia kufurahi.

Pengine wewe, ndugu msomaji, utauliza: je, mtoto amekwenda kazini au amekwenda kustarehe? Swali hilo ni la haki. Lakini hebu piga hesabu. Saa nane za kazi zikikwisha, zinabaki kumi na sita. Kazini kijana ana meza yake, ana msimamizi wake, na ana jambo la kumshughulisha. Ni zile saa kumi na sita zinazomshinda. Hurudi katika chumba kidogo, hufunga mlango, na upweke humwandama kama kivuli.

Tuchukue mfano wa binti aliyetoka Dar es Salaam na kupata nafasi katika ofisi ya mizigo mjini Hamburg, huko Ujerumani. Mji huo si mgeni kwetu. Wafanyabiashara wake walikuwa na shughuli Unguja hata kabla ya Wajerumani kuitawala Tanganyika, na mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilitia sahihi mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 2010 Hamburg na Dar es Salaam ilifunga udugu wa miji. Yote mawili ni miji ya bandari, na hilo peke yake ni faraja kwa mtoto wa pwani.

Jua la saa nne usiku

Jambo la kwanza litakalomshangaza binti huyu ni jua. Mwishoni mwa Juni jua la Hamburg huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na huzama karibu na saa nne usiku. Kwetu saa kumi na mbili na nusu jioni giza limekwisha kuingia. Wageni wengi hukosa usingizi majuma ya mwanzo, maana mwili hungoja giza ambalo haliji. Dawa yake ni pazia zito, na kuzoea kulala kwa kufuata saa badala ya kufuata jua.

Mwislamu anayefunga naye hupata mtihani wake. Ramadhani ilipoangukia Juni mwaka 2016, waliofunga katika miji ya kaskazini kama huo walingoja magharibi karibu na saa nne usiku. Watu wakikutana msikitini kufuturu pamoja baada ya siku ndefu namna hiyo, tende moja huwa na ladha isiyosahaulika.

Lakini mwanga huo mrefu ni zawadi pia. Mtu akitoka kazini saa kumi na moja jioni, bado ana takriban saa tano za mchana mbele yake. Wenyeji, ambao majira ya baridi huwafungia ndani kwa miezi mingi, hawaziachi zipotee. Utawaona wamejaa katika bustani na kandokando ya ziwa la Alster, wamekaa juu ya nyasi, wazee kwa watoto. Binti wetu naye na atoke. Nyasi hazidai kiingilio.

Raha za senti chache

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba raha ya Ulaya ni ya mwenye fedha. Ni kweli kwamba posho ya mafunzo mara nyingi ni ndogo. Sheria ya kima cha chini cha mshahara, iliyoanza kutumika Ujerumani mwaka 2015, haiwahusu wanafunzi ambao mafunzo yao ni sharti la masomo. Lakini tazama yanayopatikana kwa fedha kidogo au bure kabisa.

Kivuko cha mtoni, chenye namba 62, hupandwa kwa tiketi ile ile ya treni na basi. Ukikaa juu, upepo wa mto Elbe usoni, meli za makontena zikipita kando, utakumbuka kivuko cha Kigamboni, isipokuwa hakuna mwenye kikapu cha kuku. Chini ya mto huo huo ipo njia ya kale iliyofunguliwa mwaka 1911, yenye urefu wa mita 426, nawe waweza kuipita kwa miguu bila kulipa. Katika bustani ya Planten un Blomen, usiku wa majira hayo, maji hurushwa juu kwa taa za rangi na kufuatana na muziki, na watazamaji hawatozwi kitu.

Hata chupa tupu ina thamani. Chupa ya plastiki ya kutumika mara moja hutozwa amana ya senti 25, na ukiirudisha dukani mashine hukupa stakabadhi ya fedha zako. Haba na haba hujaza kibaba: chupa chache za juma zima hununua mkate mtamu wenye mdalasini, unaopendwa sana mjini humo.

Jumapili ya kimya

Siku ngumu kupita zote ni Jumapili. Maduka karibu yote hufungwa kwa sheria, na barabara huwa kimya. Asiyenunua chakula Jumamosi atajuta. Aliyezoea Jumapili ya ibada, pilau na wageni wasiobisha hodi kwa miadi, siku hiyo ndiyo humliza.

Basi na aamke mapema. Huko Altona lipo soko la samaki la Jumapili, lililoanza mwaka 1703. Wakati wa kiangazi hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa tatu na nusu. Wauzaji hunadi samaki na vikapu vya matunda kwa sauti kubwa na mizaha, na mtoto wa Dar es Salaam atajiona yupo Feri.

Aidha, asidhani kwamba amechukiwa kwa sababu salamu ya huko ni fupi. Wenyeji husema “Moin”, neno moja tu, asubuhi hata usiku, kisha hupita. Hawaulizi habari za nyumbani, wala za watoto, wala za shamba. Hiyo si dharau, ndiyo desturi yao. Aitikie vivyo hivyo kila siku, na baada ya majuma mawili mwuza mkate atamtambua. Kutambuliwa na mtu mmoja katika mji wa watu zaidi ya milioni moja na nusu si jambo dogo.

Neno kwa wazazi

Sasa turudi nyumbani, maana hapa pana jambo zito. Wapo vijana wanaokula mkate mkavu miezi mitatu ili watume chochote, kwa kuwa kila simu kutoka nyumbani ina haja: ada ya mdogo wake, bati za nyumba, harusi ya binamu. Kusaidia wazazi ni wajibu na ni baraka. Lakini mwanafunzi wa mafunzo si mfanyakazi mwenye mshahara. Anayejinyima chakula na nauli, akajifungia chumbani, hurudi na cheti mkononi na huzuni moyoni, wala nchi ile hakuiona. Wahenga walisema tembea uone; hawakusema tembea ujifiche.

Basi, ndugu mzazi, utakapompigia simu, kumbuka kwamba kwake saa ipo nyuma kwa saa moja tu, na kwamba wewe ukijiandaa kulala yeye bado analiona jua. Kabla ya kumweleza shida za nyumbani, muulize: leo umekula nini? Umetembea wapi? Umecheka na nani? Akijibu kwamba alipanda kivuko na kula stroberi ukingoni mwa mto, usimwambie anapoteza fedha. Mshukuru Mungu, maana mwanao ni mzima.