Kizingitini: Usivushe simiti kabla ya kupima ramani

MFUKO wa simiti ukifika Kizingitini huwa umesafiri kuliko abiria. Umeshushwa kwenye lori kule Mokowe, ukabebwa mabegani, ukapakiwa chomboni, ukavushwa bahari, kisha ukabebwa tena hadi kiwanjani. Kila hatua ina malipo yake.

Kwa kijana wa kisiwa cha Pate anayejenga kwa pesa za samaki na kambakoko, hapo ndipo mfuko hutoboka. Fundi anakwambia, “Leta mifuko 50, mbele tutaona.” Ikipungua, kazi yasimama ukingoja chombo kingine, na msimu wa kusi bahari haina mzaha. Ikizidi, unyevu wa pwani waigandisha stoo ikawa jiwe.

Dawa yake ni kupima ramani kabla ya kununua chochote. Na si lazima uwe injinia.

Tuseme una nyumba ya mita 8 kwa 6, nje kwa nje. Ramani ikiwa ya kipimo cha 1:100, sentimita moja ya karatasi ni mita moja kiwanjani. Rula ya shule yatosha.

Anza na sakafu. Zege ikiwa na unene wa sentimita 10, zidisha 8 kwa 6 kwa 0.1. Utapata mita 4.8 za ujazo. Zege ya simiti moja, mchanga mbili na kokoto nne hula takriban mifuko 6.3 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Hiyo ni mifuko 31. Sasa fundi asiposawazisha kifusi, unene ukafika sentimita 15, utahitaji 46. Mifuko 15 imezama chini, na hakuna atakayeiona tena.

Njoo kwenye kuta za nje. Wengi hujumlisha pande zote nne na kupata mita 28, wakasahau kwamba kila pembe wameihesabu mara mbili. Ukuta ukiwa na unene wa sentimita 20, pima katikati yake: mita 27.2. Zidisha kwa kimo cha mita 3, upate mita 81.6 za mraba. Toa milango miwili ya mita 0.9 kwa 2.1, na madirisha manne ya mita 1.2 kwa 1.2. Zinabaki kama mita 72.

Tofali la sentimita 40 kwa 20, pamoja na udongo wa kuungia, huingia 12.5 kwa kila mita ya mraba. Basi ni matofali 901. Asiyetoa pembe, milango wala madirisha angenunua 1,050. Ongeza kidogo kwa yatakayovunjika njiani, lakini si 149!

Hesabu hizi si ngeni kwetu. Wazee walipima kwa shibiri, dhiraa na pima, na mikoko ikauzwa kwa korja, yaani miti 20. Ukiingia nyumba kongwe za mawe za Lamu utaona vyumba virefu lakini vyembamba. Si bahati mbaya: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko. Mjenzi alijua kifaa chake kabla ya kuchimba msingi.

Kwa anayependa hisabati, hii ni kazi kamili. Ukadiriaji majenzi hufunzwa Chuo Kikuu cha Nairobi na JKUAT, na nchini Kenya wataalamu wake husajiliwa na bodi moja na wasanifu majengo. Visiwani, mtu anayejua kusoma ramani na pia kujua nauli ya mfuko kutoka Mokowe hana mpinzani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hivyo kabla hujamlipa nahodha, nunua daftari. Andika kila kipimo, kisha mkalishe fundi na umwonyeshe. Akikataa hesabu yako, mwambie alete yake.