Ukibadilisha kioo cha mbele, gari inaona wapi?

Leo tuongelee kioo cha mbele cha gari, kile ambacho kokoto moja kutoka kwenye lori la mchanga linaweza kukiharibia siku yako pale Mbezi.

Najua wengi wetu tunaosomea haya cafe hatuna gari. Lakini wangapi tunaendesha za watu? Kuna deiwaka wa taksi mtandao, kuna dereva wa bosi, kuna kijana wa kupeleka mizigo, na wote hesabu ya jioni iko palepale hata kioo kikipasuka. Bosi atakwambia "nenda kwa fundi, tafuta cha bei nafuu, urudi barabarani". Wewe ndiye unayetumwa, na wewe ndiye utakayekuwa nyuma ya usukani baada ya hapo. Kwa hiyo hii inakuhusu kuliko inavyomhusu bosi.

Zamani kioo kilikuwa kioo tu. Fundi anakata, anatoa, anapaka gundi, anabandika kingine, unalipa unaondoka. Kwa magari mengi yaliyopo Bongo mpaka leo bado ni hivyo na hakuna neno. Shida iko kwenye haya mapya mapya ya mtumba kutoka Japani. Simama mbele ya gari, tazama juu katikati, nyuma ya kile kioo cha ndani cha kuangalia nyuma. Ukiona kiboksi cheusi chenye jicho dogo linalotazama barabara, hiyo ni kamera. Kwenye Subaru utaona macho mawili, moja kushoto moja kulia.

Subaru walianza kuuza mfumo huo wanaouita EyeSight mwezi Mei 2008, kwenye Legacy. Toyota wakaja na Toyota Safety Sense mwaka 2015, na kwa Japani wakaanza na Axio na Fielder, magari ambayo hapa mjini ukirusha jiwe unaipiga mojawapo. Nissan X-Trail ya kuanzia mwisho wa 2013 nayo nyingi zina kamera. Majirani zetu Kenya hawaruhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, maana yake yanayoshuka Mombasa sasa hivi mengi yana jicho hilo. Kwetu hakuna marufuku ya umri, ila ushuru wa uchakavu unawasukuma watu kwenye magari ya karibuni vilevile.

Kazi ya kamera ni kutazama mbele na kumsaidia dereva: kupiga kelele ukitoka kwenye leni, kupiga breki yenyewe kama unakaribia kugonga na umezubaa. Siyo mapambo ya kuuzia gari. Subaru walitoa hesabu zao mwaka 2016 kwa magari yao yaliyouzwa Japani kati ya 2010 na 2014. Yenye EyeSight yalipata ajali pungufu kwa asilimia 61 kuliko yasiyo nayo, na zile za kumgonga wa mbele kwa nyuma zilipungua kwa asilimia 84. Hata ukikumbuka kwamba ni mwenye duka anasifia duka lake, ni tofauti kubwa.

Sasa tuje kwenye kioo chenyewe. Kamera inatazama KUPITIA kioo. Mwanga unapopita kwenye kioo unapinda kidogo, na unavyopinda inategemea unene wa kioo, mbonyeo wake na ulaini wake. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati, na kiwandani kamera iliwekwa sawa kwa kioo kile, kikiwa kimekaa pale. Kwenye magari mengi kibanio kinachoshika kamera kimegandishwa kwenye kioo chenyewe. Ukitoa kioo, umetoa na kiti cha kamera. Ukirudisha kingine, hata kiwe kizuri vipi, kamera haiwezi kurudi palepale ilipokuwa kwa usahihi wa unywele.

Utasema, unywele una shida gani? Hapa ndipo ile tangent ya sekondari tuliyodhani haina kazi mtaani inapokuja kudai heshima yake. Kamera ikikaa upande kwa digrii 1 tu, kitu kilichoko mita 50 mbele inakiona kimehama kwa karibu sentimeta 87. Kwa mita 100 ni mita 1 na sentimeta 75. Leni ya barabara kuu ina upana wa mita tatu na kitu hivi. Kwa hiyo gari iliyoko leni ya pembeni inaweza kuonekana iko mbele yako, au iliyoko mbele yako ikaonekana ya jirani.

Kuinama ndiyo mbaya zaidi. Kamera yenye jicho moja hupima umbali kwa kutazama pale tairi za gari ya mbele zinapogusa lami: zikiwa chini kwenye picha gari iko karibu, zikiwa juu iko mbali. Chukua kamera iliyo mita 1.3 kutoka chini na gari iliyoko mita 30 mbele. Kamera ikiinama digrii 1 na mfumo haujui kwamba imeinama, hesabu inakuja mita 50. Mita 20 za hewa ambazo hazipo! Mifumo ya kweli ina ujanja wa kujirekebisha kidogo, na mingine inasaidiwa na rada, lakini ujanja huo una mwisho wake.

Subaru wao hawakutumia rada ya mbele kwenye matoleo ya EyeSight yanayokuja huku kwa wingi. Ni macho mawili tu, kama ya binadamu. Funga jicho moja ujaribu kutunga uzi kwenye sindano, utaelewa kwa nini macho yote mawili lazima yakubaliane. Toleo la pili lilitengenezwa kuzuia kugonga pale tofauti ya kasi kati yako na wa mbele isipozidi kama kilomita 30 kwa saa, la tatu kama 50. Hizo ni namba za kamera iliyowekwa sawa. Iliyopinda haina namba.

Na tusidanganyane kuhusu taa ya dashibodi. Fundi atakwambia "si unaona taa haijawaka, iko poa". Wakati mwingine taa inawaka kweli, mfumo unajizima, na hiyo ni bahati nzuri kwa sababu umejua. Hatari ni pale taa haijawaka. Kamera inajua kama imezibwa au waya umechomoka, lakini si kila mara inajua kwamba inatazama pembeni kidogo. Inaendelea na kazi kwa kujiamini kabisa. Matokeo yake ni moja kati ya mawili: inapiga breki katikati ya barabara bila sababu na daladala iko nyuma yako, au haipigi siku ile uliyoitegemea.

Halafu kuna hili la lugha. Magari haya yametengenezwa kwa Wajapani, skrini inaongea Kijapani. Nimeshapanda taksi ambayo kila ikiwashwa inaandika mstari mrefu wa maandishi ya njano na dereva anasema "hiyo huwa inasalimia tu". Chukua simu, piga picha maandishi hayo, weka kwenye programu ya kutafsiri. Usikute gari inakwambia kila asubuhi kwamba haioni.

Kazi ya kuiweka sawa kamera mafundi wanaiita kalibresheni. Ifikirie kama alaimenti ya tairi, ila hii ni ya jicho. Ziko namna mbili. Ya kwanza gari imesimama: sakafu tambarare, upepo wa tairi sahihi, hakuna mzigo, mwanga usiopiga kamera usoni, halafu mbele ya gari unasimamishwa ubao wenye michoro maalumu, kwa umbali na urefu uliopimwa kutoka katikati ya gari. Kompyuta iliyochomekwa kwenye gari inaiambia kamera "ule ubao uko hapo, jipange". Ya pili ni ya kuendesha: kompyuta imechomekwa, unakwenda kwa mwendo uliotajwa na mtengenezaji kwenye barabara yenye mistari iliyo wazi, mpaka kamera ijifunze. Gari nyingine zinataka ya kwanza, nyingine ya pili, nyingine zote. Anayeamua ni kitabu cha mtengenezaji, siyo fundi wala wewe.

Sasa niambieni, pale Gerezani, gari imepaki nusu kwenye mtaro nusu kwenye lami, mkokoteni unapita mbele, unasimamisha ubao wapi? Siwadharau mafundi wetu. Wale jamaa wanatoa kioo kizima kwa waya bila kukwaruza rangi, ufundi ambao wengi hawana. Ila hii ni kazi ya vipimo na vifaa, na anayefanya bila vifaa anabahatisha. Hata hiyo ya kuendesha, mistari yenyewe barabara nyingi za mtaani imeshafutika. Labda Jumapili alfajiri kati ya Kimara na Kibaha.

Kama mnadhani natia chumvi, tazameni walikotoka magari. Kuanzia Aprili 2020 sheria ya Japani iliiweka kazi hii kwenye kundi la matengenezo yanayohitaji kibali maalumu. Gereji inayotoa kioo cha mbele chenye kamera, au kuisawazisha kamera, lazima iwe na vifaa, eneo na fundi anayetambuliwa. Waliokuwa wakifanya tangu zamani walipewa muda wa kujipanga mpaka mwisho wa Machi 2024. Gari ileile ikishuka meli Dar inakutana na ndoo ya gundi.

Basi kabla fundi hajaingiza waya, muulize mambo haya. Kioo anacholeta ni cha gari yenye kamera? Maana modeli moja inaweza kuwa na vioo viwili tofauti, na cha kamera kina kibanio chake na kidirisha safi juu kisicho na rangi wala ukungu. Cha bei nafuu mara nyingi ni kile kisicho na kidirisha, au kibanio kimebandikwa kwa macho. Baada ya kubandika nani atasawazisha kamera, na ana ubao na kompyuta inayoijua gari hiyo? Kile kimashine kidogo cha kusoma makosa ya injini hakitoshi. Na gundi inataka saa ngapi kabla gari haijatikiswa? Kioo kikisogea gundi ikiwa mbichi, kamera imesogea nacho. Mwenye bima kubwa aulize kampuni yake mapema kama inalipa kioo peke yake au na kusawazisha. Uliza kabla, siyo baada.

Kama ufa ni mdogo na uko mbali na kamera, kuujaza dawa ni bora kuliko kubadilisha kioo kizima. Ukiwa mbele ya jicho la kamera, hapo kujaza hakufai. Na wanaoagiza gari wenyewe, kwenye karatasi ya mnada wa Japani herufi G kwenye kioo ni alama ya kokoto. Muulize wakala iko sehemu gani kabla hujatuma mkwanja.

Kuna na uharibifu mwingine usiohitaji hata kokoto. Ule mkanda wa tinti juu ya kioo. Rozari, tasbihi na mti wa manukato vinavyoning'inia katikati. Vijana wa kuosha magari kuing'arisha dashibodi mpaka inameremeta, halafu mng'ao unarudi kwenye kioo na kuichanganya kamera. Na zile Toyota zenye rada, rada imejificha nyuma ya nembo ya mbele. Ukitoa nembo ile ukaweka ya duka yenye kromu, umemvalisha kitambaa usoni.

Kama pesa ya kusawazisha haipo na gari lazima itoke leo, kwa maoni yangu bora mfumo uzimwe kuliko ubaki umewashwa ukidanganya. Magari mengi yana kitufe chenye picha ya gari na neno OFF, unakishikilia sekunde chache mpaka taa ya njano iwake. Angalia vizuri, kwa sababu kwenye mengi ukizima injini na kuwasha tena mfumo unarudi wenyewe, kwa hiyo ni kila safari. Na mwambie deiwaka mwenzako anayekupokea jioni kwamba gari hii sasa haipigi breki yenyewe, asije akaizoea.

Kitu kimoja tafadhali: msiijaribu kwa kumsimamisha mtu mbele ya gari "tuone kama itasimama". Video za namna hiyo zipo nyingi na hazichekeshi.

Mwenye kuijua gereji yenye ubao na kompyuta ya kazi hii, iwe Dar, Arusha, Mwanza au Mbeya, aiweke hapo chini pamoja na bei aliyolipa na aina ya gari.