Shifoni: Vazi la Harusi au Tambara la Kufutia Ubao?

Ndugu msomaji, ukiwa Rumonge ukamtuma mtoto wa shule akakuletee shifoni, usistaajabu akirudi na tambara la kufutia ubao. Mtoto huyo hakukosea. Amefuata maana aliyoisikia darasani.

Katika Kifaransa, *chiffon* ni tambara: kitambaa kikuukuu cha kufutia meza, ubao, au hata bunduki. Neno hilo limetokana na *chiffe*, yaani kitambaa hafifu kisicho na thamani. Basi tambara liligeukaje kuwa kitambaa cha fahari?

Wafaransa walizoea pia kuyaita mapambo ya mavazi ya wanawake *chiffons*, na hata leo kwao "kuzungumza chiffons" ni kuzungumza habari za mavazi. Waingereza walilichukua neno hilo kwa maana ya mapambo katika karne ya 18. Baadaye, katika karne ya 19, likawa jina la kitambaa chepesi cha hariri kinachoonyesha ng'ambo. Wafaransa wenyewe kitambaa hicho hukiita *mousseline*, jina litokanalo na mji wa Mosul, nchini Iraki.

Hivyo neno moja limefika ufuko wa Tanganyika kwa njia mbili. Kifaransa kililetwa na Wabelgiji, walioitwaa Burundi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, nacho kikabaki shuleni na ofisini. Shifoni ya wauza nguo imepitia Kiingereza, kisha Kiswahili cha biashara.

Jambo hili si la kuchekesha tu. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha, kwa Kifaransa, *chiffons* zimewekwa katika fungu 63.10, pamoja na kamba zilizochakaa. Mfanyabiashara akiandika neno hilo kwa majora yake ya kitambaa cha harusi, ameandika kwamba amebeba matambara. Askari akifungua mzigo na kukuta nguo mpya, atashuku udanganyifu. Kumbe hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja ameshika maana yake. Ni vema basi askari aulize kabla ya kushutumu, na mwenye mali aeleze kwa ukamilifu: kitambaa kipya, chepesi, cha hariri au cha polista.

Nao akina mama, mnaponunua, msiridhike na jina. Shifoni ya asili ni ya hariri, lakini iliyojaa madukani leo ni ya polista. Mwombeni muuzaji nyuzi chache mzichome kwa uangalifu: hariri hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika, polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kwa hiyo msikaribie jiko la makaa mkiwa mmevaa mtandio wa polista. Fueni kwa mkono bila kukamua, anikeni kivulini, na mwambieni fundi atie bitana ili vazi lisionyeshe mwili.

Kusini mwa Rumonge uko mji wa Nyanza-Lac. *Nyanza* ni ziwa, na *lac* ni ziwa kwa Kifaransa. Watu wa ufuko huu wamekwisha kuzoea kutaja kitu kimoja mara mbili. Na tufanye hivyo hivyo kwa shifoni, tusije tukalipia hariri tukapewa tambara.