Ufunge peji au uendelee? Shika daftari kwanza

Wapambanaji wenzangu, mimi nauza viatu vya mtumba mtandaoni, hapa Dar. Miezi miwili peji ilidoda, hela ya kodi ikaanza kuliwa na bando. Nikawaza kufunga.

Kabla ya kufunga, wiki mbili nzima niliandika kila siku: wangapi wameuliza bei, wangapi wamelipia, bando limekula shilingi ngapi. Laiki sikuandika. Laiki hailipi kodi.

Daftari likikuonyesha:

👉 Hakuna anayeuliza: badili picha au mzigo.

👉 Wanauliza bei halafu kimya: weka bei na hela ya boda kwenye picha yenyewe. Wengine wanaogopa kutapeliwa, wape nafasi ya kulipa wakishapokea.

👉 Wananunua ila faida inaishia kwenye bando: peji ife, wateja wabaki. Wahamishie WhatsApp. Waombe wasevu namba yako, na wewe usevu zao, la sivyo stetasi zako hawazioni.

Mimi nilikuwa hilo kundi la tatu. Peji nimefunga, wateja 19 ninao, na kodi ya mwezi huu imetoka kwao.

Kufunga peji siyo kufunga biashara. Wewe je, daftari lako linasemaje?